Mashine ya Leza Iliyotulemea Madrasani

Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu watukufu habari ya mashine moja ndogo iliyotutoa jasho madrasani kwetu kwa muda wa mwezi mmoja na nusu. Hatuisimulii ili tujionyeshe kuwa mafundi, kwani elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na umri wetu umekwisha pita miaka hamsini. Twaisimulia kwa sababu nyumba nyingi za Waislamu siku hizi zina vijana wanaonunua mitambo ya namna hii ili wajipatie riziki ya halali, na mtambo ukiharibika hawana wa kumwuliza. Na tena, katika habari hii tulimdhulumu mtoto wa watu, na hilo hatukuona vema kulificha.

Mashine yenyewe ni ya kukatia na kuchoria mbao kwa leza. Hujulikana kwa jina la K40, wala jina hilo si la kampuni moja: viwanda kadhaa vya China huitengeneza, kila kimoja kwa namna yake, na ndiyo maana mbili zinazofanana kwa nje huweza kutofautiana kwa ndani. Ni sanduku la bati lenye kifuniko, na mahali pake pa kufanyia kazi hapazidi milimita 300 kwa 200, yaani kiasi cha karatasi ya kuandikia barua. Akina mama wa mtaani petu walichanga mwaka mzima, huyu elfu mbili, huyu elfu tano, na wengine wakauza maandazi na kachori, mpaka mwezi wa Novemba 2023 tukaipata. Nia ilikuwa kukata marufaa madogo ya kuwekea juzuu, ya plaiwudi ya milimita 3, pamoja na vibao vya kutundika ukutani, ili faida isaidie posho za walimu wetu watano, maana ada wanayoleta watoto haifiki hata nusu ya posho hizo.

Kwa mwaka mzima ilifanya kazi yake vizuri. Marufaa yalikatwa, yakapigwa msasa, yakapakwa vanishi, na watu wakayapenda.

Kabla hatujaingia katika ubovu wake, yafaa msomaji ajue ni kitu gani kinachokata ubao humo ndani, kwani asiyejua chombo kinavyofanya kazi hana budi kubahatisha kikiharibika, kama tulivyobahatisha sisi. Nyuma ya sanduku umelazwa mrija mrefu wa kioo, kiasi cha milimita 700, ambao mafundi huuita bomba. Ndani yake mna gesi tatu zilizochanganywa: kaboni dayoksaidi, naitrojeni na heliamu. Umeme wa volti elfu nyingi, 15,000 na zaidi, hupitishwa katika gesi hizo, nazo hutoa mwanga wa namna ya pekee, uliokusanyika pamoja na kwenda upande mmoja bila kutawanyika. Mwanga huo hupiga kioo cha kwanza, kikaurudisha kwa kioo cha pili, cha pili kikaurudisha kwa cha tatu, na hicho huuelekeza chini kwenye lenzi ndogo, ambayo huukusanya ukawa nukta moja. Hapo ndipo ubao unapoungua na kukatika.

Watu wetu hustaajabu wakisikia kwamba mwanga huo hauonekani. Jicho la mwanadamu huona mwanga ambao urefu wa wimbi lake hauzidi sana mikromita 0.7, na huu wa mashine yetu ni mikromita 10.6. Mwekundu hafifu unaoonekana ndani ya bomba si huo ukatao. Kwa hiyo mtu aweza kuweka jicho lake mahali unapopita asijue lolote, mpaka ngozi ya mboni imekwisha kuungua. Habari njema ni kwamba kioo cha kawaida au akriliki angavu huuzuia, na ndiyo sababu ya kuwekwa dirisha katika kifuniko. Kuifanyisha kazi mashine kifuniko kikiwa wazi ni kucheza na macho, nasi hatumruhusu yeyote, mkubwa wala mdogo. Siku ya kupima vioo huvaa miwani iliyoandikwa kuwa ni ya mikromita 10.6, yaani nanomita 10,600. Miwani ya jua haifai kwa kazi hiyo.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu kama baadhi ya vijana wanavyodhani. Katika mji wa Baghdad, karibu na mwaka 984, mwanachuoni aitwaye Ibn Sahl aliandika juu ya vioo na lenzi za kuunguzia, akieleza mwanga unavyopinda unapoingia katika kioo. Jambo hilo lilikuja kudhihirika kwa walimwengu mwaka 1990, mwanachuoni Roshdi Rashed alipoitangaza kazi yake. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo, na kitabu chake juu ya nuru na kuona kikasomwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Leza yenyewe ni ya juzi. Einstein alieleza asili yake kwa hesabu mwaka 1917. Theodore Maiman akawasha ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960. Na hii ya gesi ya kaboni dayoksaidi ilivumbuliwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa Uhindi aliyekuwa akifanya kazi Marekani.

Ama sasa tuje kwenye mkasa wetu.

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu, Januari 2025, jamaa wa mji wa jirani walituagiza marufaa 80 ya kugawiwa watoto kabla ya Ramadhani, wakatanguliza nusu ya fedha. Siku zile zile mashine ikaanza kulegea. Kazi iliyokuwa ikikatika kwa kupita mara moja, sasa ilitaka mara mbili, kisha mara tatu, na kingo za ubao zikawa makaa matupu. Aliyekuwa akiiendesha ni kijana wetu mmoja wa miaka 16, mtulivu, mwenye mkono mwepesi wa kazi. Alitujia akatuambia mambo mawili. La kwanza, kwamba vioo na lenzi vimeshika masizi. La pili alisema, "Maalim, mashine hii inauma," huku akitwonyesha ncha za vidole vyake.

La kwanza tulilisikia. La pili tulilidhania kuwa ni mzaha wa vijana, au udhuru wa mtu aliyechoka. Usiku ule, baada ya sala ya Isha, tukaifungua lenzi sisi wenyewe kwa mwanga wa taa ya simu, tukaipangusa kwa pamba na spiriti, tukairudisha mahali pake, tukaenda kulala tukiwa tumeridhika. Siku ya pili mashine ilikuwa mbaya kuliko jana. Ilichora mstari mpana uliochanuka, mweusi, usioshuka hata nusu ya ubao.

Tukamwuliza kijana ameifanya nini. Akajibu kuwa hakuifanya neno. Tukampigia simu mwenye duka aliyetuuzia, naye bila kuuliza zaidi akasema bomba limekwisha, na kwamba bomba huisha upesi likizidishiwa umeme. Basi tukamgeukia kijana mbele ya wenzake tukamwambia kuwa yeye ndiye aliyeliunguza kwa kuzidisha umeme, na kwamba ameipotezea madrasa fedha za akina mama. Hakujibu neno. Jioni ile hakuja chuoni, wala siku iliyofuata, wala juma lililofuata.

Tukatoa shilingi 420,000 katika fedha tulizokuwa tumewawekea walimu posho, tukaagiza bomba jipya. Lilifika katikati ya Shaabani. Kulibadilisha bomba si kazi ya mtu mmoja, wala si ya mwenye haraka. Mashine ilichomolewa kabisa ukutani tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kuwa kisanduku cha umeme mkubwa huweza kubaki na nguvu hata baada ya kuzimwa. Mabomba ya maji yalifunguliwa polepole, kwani ncha za kioo huvunjika kwa kusukumwa tu. Waya wa umeme mkubwa hauunganishwi kwa lehemu, maana moto wa lehemu huweza kukipasua kioo pale sindano inapoingilia. Huzungushwa kwenye sindano, ukafunikwa kwa mpira wake na silikoni, ukaachwa ukauke siku nzima. Na bomba lenyewe huzungushwa mpaka tundu la kutolea maji lielekee juu, ili povu la hewa lipate njia ya kutoka. Povu likibaki ndani, mahali pale hupata moto peke yake na kioo hupasuka.

Yote hayo tuliyafanya sawasawa. Tukawasha mashine, tukasoma Bismillahi, tukabonyeza. Mstari ulikuwa vile vile: mpana, mweusi, usiokata.

Wasomaji watatuwia radhi tukisema kwamba usiku ule usingizi haukuja. Siku 15 zilikuwa zimebaki kabla ya Ramadhani, fedha za jamaa tulikwisha nunulia mbao, fedha za walimu zimekwenda kwenye bomba, na la kuumiza zaidi ni wazo lililotujia kwamba ikiwa bomba jipya linafanya kama la zamani, basi la zamani halikuwa na kosa. Na kama la zamani halikuwa na kosa, yule kijana alikosa nini?

Asubuhi tukamwendea fundi umeme mmoja wa jirani yetu, mtu mzima mwenye maneno machache. Alipofika hakugusa kitu. Aliuliza swali moja: "Maalim, mlipokuwa mkikata na bomba la zamani, sindano ya mita ilikuwa ikipanda?"

Tukamjibu ndiyo, ilikuwa ikipanda kama kawaida, mpaka miliampea 12.

Akasema, "Basi umeme ulikuwa ukipita katika bomba. Kwa nini mlianza huko?"

Hilo ndilo jambo tunalotaka vijana walishike kuliko yote tuliyoyaandika hapa. Mbele ya mashine hizi, katika aina nyingi, mna mita ndogo ya miliampea inayoonyesha umeme unaopita katika bomba. Mashine ikigoma kukata, tazama mita kwanza. Sindano isipopanda kabisa, tafuta ubovu upande wa umeme: fyuzi, swichi ya kifuniko, swichi ya maji, waya uliolegea, kisanduku cha umeme mkubwa, au bomba lililopasuka. Lakini sindano ikipanda kama desturi na ubao usikatike, anza na njia ya mwanga: masizi katika vioo, vioo vilivyosogea, lenzi, au ubao uliowekwa juu mno au chini mno; tazama pia kama maji yamepata moto. Bomba huzeeka kweli, na likizeeka umeme hupita lakini mwanga hupungua. Walakini uzee huja kidogo kidogo kwa miezi, hauji kwa usiku mmoja. Ubovu uliokuja kwa usiku mmoja una mkono wa mtu ndani yake. Mkono huo, kama mtakavyoona, haukuwa wa kijana.

Fundi akatutaka utepe wa karatasi, ule wapakaji rangi wanaoubandika ukutani. Kwa kuwa bomba lilikuwa limebadilishwa, njia nzima ya mwanga ilikuwa haina budi kupimwa upya. Kipande cha utepe hubandikwa mbele ya kioo cha pili, na meza ya vioo husogezwa karibu na bomba. Kitufe cha majaribio hubonyezwa mara moja tu, kufumba na kufumbua, nao utepe hupata alama ya kuungua. Kisha meza husogezwa mbali kabisa, na kitufe hubonyezwa tena. Alama mbili zikiangukiana, mwanga unakwenda sambamba na reli. Zikiachana, zile skrubu tatu nyuma ya kioo cha kwanza hukazwa au kulegezwa, robo ya mzunguko kwa mara moja, mpaka ziangukiane. Baada ya hapo hufanywa vivyo hivyo kutoka kioo cha pili kwenda cha tatu, kushoto kabisa na kulia kabisa, karibu na mbali, katika pembe zote nne. Mwenye haraka huharibu hapa, kwani akianza na kioo cha tatu kabla ya cha kwanza, atazunguka kutwa asifike. Sisi ilituchukua kutoka saa tatu ya asubuhi mpaka adhana ya Alasiri, na utepe tulioutumia ungetosha kuzunguka msikiti.

Ilipokwisha, alama iliyoingia juu ya lenzi ilikuwa nzuri: ndogo, ya duara, katikati. Fundi akaweka kipande cha karatasi ngumu chini ya lenzi, akabonyeza. Badala ya tundu la sindano ikatoka alama pana kama punje ya mtama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwanga unaingia mzima na kutoka umeharibika, na baina ya kuingia na kutoka hamna kitu ila lenzi.

Akaitoa lenzi. Ni kitu kidogo, upana wake milimita 12, rangi yake ya manjano kama samli, wala si kioo bali ni madini yaitwayo zinki selenaidi. Ikivunjika, vumbi lake ni sumu, halifagiliwi kwa mkono mtupu. Upande mmoja ni bapa na wa pili umetuna. Kwa kutazama tu haujulikani upesi, ila ukiielekeza kwenye dirisha, upande bapa hurudisha sura ya dirisha ilivyo, na upande uliotuna huirudisha imekuwa ndogo. Upande uliotuna hukaa juu, ukikabili mwanga unapotoka. Upande bapa hukaa chini, ukikabili ubao. Yetu ilikuwa imepinduliwa.

Fundi akauliza ni nani aliyeifungua mara ya mwisho. Hatukuwa na haja ya kufikiri. Ile taa ya simu, ile pamba, ile spiriti, vyote vilitujia machoni.

Tukaigeuza. Ubao wa milimita 3 ukakatika kwa kupita mara moja, kwa miliampea 12, kingo zake za rangi ya kahawia tu. Kisha fundi, kwa kuwa ni mtu asiyependa kubakiza shaka, akalirudisha bomba la zamani, akapima vioo upya. Likakata sawasawa na jipya.

Baada ya hayo tukamwambia, karibu kwa kupita tu, kuhusu maneno ya kijana kwamba mashine inauma. Uso wake ukabadilika. Akachukua mita yake, ncha moja akaigusisha kwenye bati la mashine na ya pili kwenye bomba la chuma la maji lililofukiwa ardhini. Ikasoma karibu volti 110. Soketi ya ukutani ilikuwa na tundu la tatu, lile la waya wa ardhi ambao mafundi huuita ethi, lakini nyuma yake hapakuwa na waya wowote. Na nyuma ya mashine, skrubu iliyowekwa kwa ajili ya ethi ilikuwa imefungwa juu ya rangi, haikugusa bati. Alitueleza kwamba volti zile zinatokana na kifaa cha kuchuja umeme kilichomo ndani, ambacho hupeleka umeme kidogo kwenye bati ili uende ardhini. Usipopata njia ya ardhini, hukaa pale ukimngoja mtu. Huo humchoma mtu vidole tu. Lakini katika sanduku hilo hilo mna umeme wa volti 15,000 na zaidi, na siku waya wake ungegusa bati, au waya wa kurudishia ulioko kwenye mita ungechomoka, pasingekuwa na njia ya kuupeleka ardhini isipokuwa mwili wa aliyeshika.

Aliyekuwa akishika kila siku, kwa miezi 14, ni yule kijana.

Fundi alipigilia fimbo ya shaba nje ya ukuta, pale penye unyevu karibu na bomba la kutawadhia, akavuta waya mpaka kwenye soketi, akakwaruza rangi chini ya skrubu mpaka bati likang'aa, akakaza. Kisha akaikaza waya ya mita pia. Mita ikasoma sifuri. Malipo aliyotaka ni nauli tu.

Jioni ile ile tukaenda nyumbani kwa kijana. Tulipiga hodi, mama yake akatukaribisha, akatutandikia mkeka, akatuletea kahawa kana kwamba hapakuwa na lolote. Tulimwambia, "Mama, tumekuja kumtaka radhi mwanao, na wewe pia." Akamwita. Kijana akaja, akatuamkia, "Shikamoo, Maalim," akakaa ukingoni mwa mkeka. Tukamweleza habari ya lenzi tangu mwanzo, kwamba tuliipindua sisi kwa mikono yetu, na habari ya ethi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, nilikwambia inauma." Mama yake akataka kumkemea, tukamzuia. Alisema kweli, na alikuwa na haki ya kuisema mara ya pili.

Siku ya pili tuliwakusanya wanafunzi wale wale waliokuwapo, tukasema mbele yao kwamba tulimsingizia. Kosa lilitendwa hadharani, na kulisahihisha faraghani tuliona hakutoshi.

Ameshika kazi tena, na taratibu nyingi za mashine sasa ni zake. Maji ya kupozea bomba ni ya betri, yale yaliyotoneshwa yasiyo na tindikali, kwani ya kisima chetu yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme na kuvujisha nguvu. Joto la maji huyaweka baina ya nyuzi 22 na 25 kwa kutumbukiza ndooni chupa zilizogandishwa. Hayaachi yapoe zaidi ya hapo, kwa sababu katika hewa hii ya pwani kioo kikipoa mno hutoka jasho, na jasho karibu na umeme wa nguvu namna ile ni balaa. Umeme hauzidishi juu ya miliampea 15. Amefunga pampu ndogo ya hewa, ya namna ya wafugao samaki wa kioo, ipulize karibu na lenzi, na tangu hapo masizi yamepungua sana. Vioo na lenzi husafishwa kila Alhamisi, mchana, mbele ya dirisha. Spiriti twaitumia. Wako waliotuuliza kuhusu twahara yake, tukalipeleka jambo hilo kwa shekhe wetu, akasema inafutiwa chombo na kuruka hewani, tusijitie uzito.

Plastiki ya PVC haingii kabisa humo. Wakati mmoja vijana walitaka kukata majalada ya juzuu kwa ngozi bandia, na nyingi katika hizo zina PVC; ikiungua hutoa hewa ya tindikali inayochoma mapafu na kutia kutu vyuma vyote vya mashine. Njia ya kuitambua ni kuupasha moto waya wa shaba, kuugusisha kwenye plastiki, kisha kuurudisha motoni: ndimi zikiwa za kijani, mna klorini, basi achana nayo.

Mashine haiachwi peke yake ikiwaka hata kwa dakika moja, kwani ubao hushika moto. Adhana ikiadhiniwa, huzimwa, ikachomolewa. Ndoo ya mchanga iko mlangoni. Na majaribio hayafanywi kwa aya wala kwa jina tukufu. Hapo zamani tulikuwa tukijaribia kwa chochote kilichokuwamo katika kompyuta, na vipande vyenye herufi vikaanguka chini pamoja na majivu. Sasa hujaribiwa kwa mraba na mstari tu, na vipande vya kazi yenye maandishi hukusanywa katika mfuko na kuzikwa mahali pasipokanyagwa.

Marufaa 52 yalipelekwa kabla ya mwezi kuandama, na 28 yaliyobaki yalifika tarehe 9 ya Ramadhani. Jamaa walitusamehe kwa siku hizo. Posho ya walimu ya Rajabu ililipwa katika Shawwali.

Bomba jipya lingali kwenye sanduku lake, chini ya kitanda chetu. Kuliweka sana hakufai, kwa kuwa gesi yake hupungua hata lisipotumika, kwa hiyo twalitafutia mnunuzi. Mwenye duka alitushauri tuliuze kama jipya, maana halina alama yoyote ya nje. Lilifungwa mara moja, likawashwa kwa siku mbili, likafunguliwa. Mwenye haja nalo ataelezwa hayo kwanza, aligeuze alitazame, ndipo tuzungumze bei.